Bingwa mara 13, sahani tupu

Wadau, leo tuwaache mastaa wetu wapumue kidogo. Turudi Uingereza enzi za Malkia Victoria, maana kuna jamaa mmoja wa kule hanitoki kichwani. Anaitwa Fred Archer, mpanda farasi wa mashindano.

Alizaliwa 1857 huko Cheltenham. Akiwa na miaka 11 tu alipelekwa Newmarket, mji wa mbio za farasi, akajifunze kazi kwa mkufunzi Mathew Dawson. Kuanzia 1874 hadi 1886 alikuwa bingwa kila mwaka. Yaani mara 13 mfululizo! Alishinda mbio 2,748, na Derby, mbio yenye jina kubwa kuliko zote kule, aliibeba mara tano. Jina lake lilikua mpaka likawa msemo: mtu akitaka kusema mambo safi, anasema Archer yuko juu. Juu ya farasi, si unaelewa?

Sasa njoo nyuma ya pazia. Kwenye mbio hizi kila farasi anapangiwa uzito wa kubeba, na mpandaji akizidi, farasi anaelemewa. Archer alikuwa mrefu kuliko wenzake wengi, na mwili wake ulitaka chakula kama wa mwanaume yeyote. Basi akawa anajinyima kula, anashinda kwenye bafu za mvuke, anakunywa dawa kali ya kuharisha. Siyo wiki moja jamani, miaka!

Mwaka 1884 mkewe, Helen, alifariki baada ya kujifungua binti. Mwaka uliofuata Archer alishinda mbio 246, rekodi iliyodumu hadi 1933. Hapo ndipo huwa nakwama. Watu waliona rekodi. Mimi namwona mgane mwenye njaa, anarudi nyumbani na kombe.

Oktoba 1886 alijikondesha kupita kiasi ili ampande St Mirin kwenye Cambridgeshire, mbio kubwa ambayo hakuwahi kuishinda. Pamoja na mateso yote hayo alizidi uzito kwa ratili moja, na akashindwa kwa kichwa cha farasi tu. Haukupita muda homa ikamwangusha, na tarehe 8 Novemba, akiwa hoi kwa ugonjwa na majonzi, akajitoa uhai. Alikuwa na miaka 29.

Kwa nini nawaletea habari za marehemu wa zamani hivyo? Kwa sababu nina rafiki, jina kapuni, anayekula kwa umbo lake. Akiposti picha, makopakopa yanamiminika. Akisema hajala tangu jana, watu wanamsifu eti anajituma. Mimi nikimpigia simu siulizi kazi zinaendaje wala ana wafuasi wangapi. Nauliza, "Umekula nini leo?" Na sikati simu mpaka anijibu.