Baba alichora, mwana akarudi Sydney

Menya chungwa, ugawe vipande, kisha mwulize mtoto: vikirudishwa pamoja vitatoa umbo gani? Fumbo la namna hiyo lilimhangaisha Jørn Utzon kwa miaka kadhaa.

Utzon, msanifu majengo wa Denmark, alikuwa na umri wa miaka 38 mwaka 1957 aliposhinda shindano la kubuni jumba la opera la Sydney, Australia, mbele ya michoro zaidi ya 200. Baba yake alikuwa mbunifu wa mashua, na anayetazama jengo lile kando ya bandari huona matanga yaliyojaa upepo.

Kuchora matanga ni rahisi. Kuyasimamisha kwa zege ni shughuli nyingine, maana kila paa lilikuwa na mkunjo wake na lingehitaji kalibu zake. Mwaka 1961 akapata jawabu: mapaa yote yakatwe kutoka kwenye tufe moja, kama maganda ya chungwa moja. Mkunjo ukawa ule ule, kalibu zikatumika tena na tena. Juu yake vikapangwa vigae zaidi ya milioni moja kutoka Sweden.

Mwaka 1963 alihamia Sydney na mkewe na watoto. Haikudumu. Gharama zilipanda, serikali ya jimbo ikabadilika, malipo yakakwama. Februari 1966 alijiuzulu, na miezi michache baadaye familia ikafungasha. Jengo lililokadiriwa dola milioni 7 lilifunguliwa mwaka 1973 likiwa limekula milioni 102, na yeye hakuwepo. Alifariki mwaka 2008, akiwa na miaka 90, bila kurudi kuliona limekamilika.

Baba mwingine angewalisha watoto uchungu ule kila siku mezani, na nani angemlaumu? Lakini mwanawe Jan alisomea kazi ile ile. Mwaka 1999 Sydney ilipomwomba mzee asaidie tena, alikubali. Yeye akabuni akiwa mbali, Jan akasafiri kusimamia.

Mwaka 2004 kilizinduliwa chumba chenye jina la Utzon, ukumbi wa kwanza mle ndani kukamilika kwa michoro yake. Ukutani limetandazwa pazia la sufi alilolibuni mwenyewe, lenye urefu wa mita 14 hivi, likitazamana na madirisha ya bandarini.