Injini Mpya Haijui Una Haraka

Niseme tu ukweli: injini yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Na niliiua kwa sababu ya video.

Wengi mnajua niko na helikopta ndogo ya remoti. Si zile za betri. Hii inakunywa nitro, yaani methanoli, nitromethani na oili, vyote vimechanganywa kwa chupa moja. Pesa ya injini niliiweka miezi minane. Hapa Adams sirushi kitu, Wilson iko hapo karibu, na tangu sheria za 2020 mambo ya vyombo visivyo na rubani yanapitia KCAA. Nikatafuta kibali, nikaenda nayo shambani kwa mjomba, Kajiado.

Kuwasha si kazi. Unashika kichwa cha rota kisizunguke, unahakikisha remoti iko chini kabisa, unapeleka volti 1.5 kwenye plagi, halafu stata inasukuma. Inakohoa, inashika.

Kazi iko baada ya hapo. Injini mpya imebana. Pistoni na silinda bado hazijazoeana. Kwa hivyo tenki za kwanza unailisha mafuta mengi, unaacha helikopta ielee chini chini bila fujo, unaizima ipoe, unarudia. Inatoa moshi mwingi na haina nguvu. Kwa kamera inakaa vibaya sana.

Tenki ya pili nikachoka na huo moshi. Nikakaza sindano ya kabureta. Wah! Ikanguruma poa kama dakika mbili. Halafu sauti ikakonda, injini ikakaba, helikopta ikajipiga kwenye nyasi.

Kumbe moshi niliouchukia ndio uliokuwa oili. Injini hii haina oili pembeni, iko ndani ya mafuta yenyewe. Ukipunguza mafuta, umepunguza ulainisho na umeongeza joto, zote mara moja.

Wiki iliyofuata nimechelewa, nikapanda nduthi pale stejini Adams kwenda tao. Mzee kidogo, pikipiki mpya, kiti bado kina nailoni. Anaenda pole pole, Ngong Road yote inatupita.

"Mzee, si uongeze moto kidogo?"

Hakugeuka. "Kijana, hii iko na siku nne. Wewe utashuka tao, injini itabaki na mimi."

Nikanyamaza. Kwenye taa akaniambia ni ya mkopo, analipa kila siku, na hesabu ilianza siku ile ile aliyoichukua. Kitabu cha pikipiki kinasema nenda taratibu kilomita za kwanza. Mkopo unasema kimbia. Yeye ameamua kusikiza kitabu: habebi wawili, hakimbizi, na kila jioni analala akiwa nyuma kidogo.

Sasa sikizeni maoni yangu. Tunapenda kusema watu wa boda hawatunzi mashine. Wengi wanajua kuzitunza kuliko mimi na wewe. Wanachokosa ni wiki mbili tu za kupumua. Mkopo unaolipwa mwaka mzima, mkopeshaji angepoteza nini akianza kuhesabu wiki ya tatu? Injini ikifa mapema, hata yeye halipwi. Mimi nilikuwa naharakisha kwa sababu ya laiki. Huyu mzee alikuwa na sababu ya kweli ya kuharakisha, na bado akakataa.

Injini ya pili niliianza Jumamosi. Tenki tatu, moshi mtupu. Sindano naigusa kidogo kidogo, kwa sababu huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na ile hesabu ya kitabu iliandikiwa watu wa chini, karibu na bahari. Kila tenki nazima, nangoja ipoe, nakunywa chai ya mjomba. Jioni nikamwaga mafuta yaliyobaki, maana methanoli huvuta unyevu na beringi zinashika kutu, nikaweka matone ya oili, nikafunga.

Video nimeweka hivyo hivyo. Ni moshi, na kelele, na helikopta inayoelea kama imeogopa. Hakuna mbwembwe.

Nikikutana tena na yule mzee pale stejini, nitamuuliza amefika kilomita ngapi.