Saa tatu usiku, jua bado lipo

Julai mimi na mume wangu tulikwenda Sheffield kwa rafiki zetu, wauguzi wote wawili. Saa tatu usiku jua bado linaonekana, na watoto wanagoma kulala! Wenyeji wetu hupishana zamu. Mmoja akiingia, mwenzake anatoka. Jumamosi moja tu walipata mapumziko ya pamoja. Tukapanda treni hadi Edale, kama nusu saa hivi, ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza tangu 1951. Njia ya miguu inapita katikati ya malisho ya kondoo. Huombi ruhusa, ila geti ulifunge. Wale wawili walitangulia, wameshikana mikono. Mume wangu akaninong'oneza tupunguze mwendo. Tukabaki nyuma na watoto wao, tukihesabu kondoo.