Mdeki wa Shangazi na Bastola za Kirigiti

Wadau, hivi karibuni ilizunguka picha ya staa mmoja wa hapa Bongo. Jina ninalo, silitaji, na nyie msianze kubashiri. Kakaa kwenye kochi jeupe, miwani usoni, bastola juu ya paja, magazini mbili zimepangwa pembeni kama simu zinazosubiri chaji. Huko chini nusu ya watu wanauliza viatu kanunua wapi, nusu nyingine wanaandika "noma sana". Mimi macho yangu yalikwenda kwenye kidole. Kidole kiko ndani ya triga, mdomo wa bastola unatazama goti lake mwenyewe. Nikasema, huyu kaka kule nilikopelekwa na shemeji yangu asingemaliza hata dakika tano, wangemrudisha nyumbani.

Niwaeleze. Mimi kwetu ni Mwimbi, wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa, huko juu Ufipa ambako Juni ukiamka unaona moshi mdomoni. (Ule utani wenu wa Sumbawanga na uchawi naujua wote, upumzisheni leo.) Dada yangu kaolewa Nairobi. Shemeji ni mtu mpole, kazi yake ni mahesabu, na ana leseni ya bastola. Jumamosi zake nyingi zinaishia Kirigiti, Kiambu, kwenye uwanja wa shabaha. Nilipokwenda kuwatembelea akaniambia, "Shemeji, twende ukaone. Hii mchezo si ya wezi wala si ya polisi."

Nilitegemea mambo ya sinema, wanaume wa vifua wanapiga kelele. Nikakuta mama mtu mzima na kofia ya jua, daktari wa meno, vijana wawili wanabishana kuhusu bei ya mkanda, na mzee mmoja anagawa chai. Mchezo una shirikisho lake la dunia, International Practical Shooting Confederation, wenyewe wanaita IPSC, lilianzishwa mwaka 1976 kule Columbia, Missouri, Marekani. Si kama ile shabaha ya Olimpiki ya kusimama sehemu moja na kuvuta pumzi. Hapa unakimbia, unapita kwenye mlango wa mbao, unachungulia kidirisha, unapiga maboksi ya karatasi na sahani za chuma, na saa inahesabu. Mwisho alama zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Mwenye pupa asiyelenga anaumia, na mlengaji anayejivuta naye anaumia.

Lakini kilichonishangaza ni kwamba siku nzima zile bastola zilikuwa tupu. Zinakaa kwenye mkoba kiunoni, hazina kitu. Hugusi yako mpaka msimamizi aite jina lako, asimame nyuma yako na akwambie ujaze. Ukimaliza anakwambia toa, onyesha, anachungulia kwa macho yake, ndiyo unarudisha mkobani. Ukikimbia na kidole kwenye triga, mchezo umekwisha kwako. Mdomo wa bastola ukivuka mstari wa nyuzi 90 kurudi walipo watu, umekwisha. Hakuna kuomba msamaha wala kusema unamjua nani. Nilishuhudia mheshimiwa mmoja, mtu ambaye mtaani watu wanampisha njia, anafungasha vitu vyake kimya kimya anakwenda kukaa kwenye gari. Hakuna aliyecheka.

Sasa tuje kwenye magazini, maana hapo ndipo nilipojifunza mengi. Nilidhani magazini kubwa ndiyo ushindi. Kumbe kanuni zimembana kila mtu kwenye daraja lake. Shemeji anashindana daraja la bastola za kawaida, zinavyotoka kiwandani, wanaliita Production. Huko unaanza na risasi 15 tu, hata kama magazini yako inabeba 17. Kuna daraja la bastola za mtindo wa zamani, hao ni 8 au 10 kutegemea nguvu ya risasi. Wale wa daraja la wazi, wenye bastola zinazofanana na vyombo vya anga, hawahesabiwi risasi, wanapimiwa urefu wa magazini yenyewe, isizidi milimita 170.

Kwa hiyo hatua ikiwa na shabaha za kupiga risasi 28, shemeji anajua atabadilisha magazini walau mara moja. Swali ni wapi. Nilimwona anatembea ile njia mikono mitupu mara nne, tano, ananong'ona peke yake kama mtu anayefanya mazoezi ya mahubiri. Anabadilisha akiwa katika mwendo, kati ya mlango na kidirisha, maana ukisimama kubadilisha sekunde zinakwenda bure. "Hapa hupigi risasi tu," akaniambia, "unapiga hesabu."

Hizo ni kanuni za mchezo. Sheria za nchi ni habari nyingine na zinatofautiana sana. Canada magazini za bastola mwisho ni risasi 10, na tangu Oktoba 2022 raia wa kawaida hawezi tena kununua bastola. Waliobakiziwa mlango ni wa michezo ya Olimpiki, na hawa wa kukimbia na saa hawamo. Uingereza bastola karibu zote zilipigwa marufuku mwaka 1997 baada ya watoto kuuawa shuleni Dunblane. Umoja wa Ulaya mwaka 2017 walibana magazini za bastola zinazozidi risasi 20, wakaacha nafasi kwa wanamichezo. Huko Kenya nako mwishoni mwa 2018 serikali iliwaita wenye leseni wote wakahakikiwe upya ndani ya siku 90. Shemeji anasema foleni yake hataisahau. Sisi tulikuwa na yetu mwaka 2016, hata Rais Magufuli alihakiki silaha zake.

Kingine ni kujaza risasi wenyewe. Baada ya kila mpigaji watu waliinama kuokota maganda ya shaba. Nikadhani ni usafi. Kumbe kwenye nchi zinazoruhusu, kama Marekani, ganda moja linatumika tena na tena: unalisafisha, unaweka fataki mpya, unapima baruti kwa mizani, unabana kichwa juu. Na baruti haipimwi kwa gramu, inapimwa kwa kipimo kidogo mno, chembe moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Shemeji mwenyewe anapigia za dukani, lakini hesabu yake anaijua kama Baba Yetu. Uzito wa kichwa unauzidisha kwa mwendo wake, unagawa kwa 1,000, lazima ifike 125. Kichwa cha chembe 124 kikienda futi 1,010 kwa sekunde unapata 125 na kidogo. Umepona. Kwenye mashindano makubwa wanachukua risasi zako wanazipima kwa mashine, na ukipungukiwa unaendelea kupiga lakini alama huna. Mtu kasafiri, kalipa kiingilio, kisha hana alama kwa ajili ya vumbi la baruti! Mimi ningelia.

Nikawa nacheka moyoni, maana kujaza bunduki nimekuona tangu sijaota meno ya utu uzima.

Ufipa ni nchi ya chuma. Kabla ya majembe ya dukani, wazee wetu waliyeyusha wenyewe kwenye malungu, zile tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, na masalia yake bado yako maporini. Babu yangu hakuyeyusha, alizaliwa mambo hayo yakiwa yanaishia, ila alikuwa mhunzi. Na alikuwa na gobore. Kwa msiolijua: gobore halina magazini, halina hata risasi ya ganda. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha kitambaa, unashindilia kwa mdeki, unaweka marisau, unashindilia tena, mwisho fataki kule nyuma. Mdeki ni ule ufito mrefu wa kushindilia. Wa babu ulikuwa wa chuma, kauponda mwenyewe. Hapo una mlio mmoja. Ukikosa, nguruwe pori yuko Zambia tayari.

Mizani hakuna. Baruti ilipimwa kwa kiganja na kwa mazoea, na mazoea yana siku yake. Jirani yetu mmoja mtutu ulimpasukia, vidole vitatu vikaenda. Tulikua tunamwona anafunga kamba za viatu kwa meno. Tena gobore la babu lilining'inia ukutani likiwa limejazwa, usiku na mchana, watoto tunalala chini yake. Niliposimama Kirigiti nikiona daktari wa meno anakaguliwa bastola tupu kwa mara ya sita, nililikumbuka lile gobore.

Babu alifariki. Leseni ilikuwa yake, jina lake, karatasi imekunjwa mpaka imepata matobo. Gobore likabaki kwa baba mdogo na hakuna aliyeuliza, maana kijijini bunduki ya marehemu inaonekana kama jembe la marehemu. Kisheria si hivyo. Mwenye leseni akifa silaha inatakiwa ifike polisi, na mrithi anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe. Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka muombaji awe na miaka 25 au zaidi, na safari yenyewe inaanzia serikali ya kijiji. Baba mdogo miaka anayo. Nauli ndiyo hana, na hana hamu ya kukaa kwenye mabenchi.

Halafu wakaja vijana wawili na pikipiki. Si wa kwetu. Walikunywa naye kimpumu, wakamsifia mahindi, mwisho wakasema wanataka kukodi gobore siku tatu. Kila mtu alijua siku tatu ni za nini. Kuwinda bila kibali ni jela, na kama si wanyama basi ni duka la mtu. Fedha waliyotaja ilitosha ada ya mdogo wangu kidato cha tatu. Baba mdogo si mtu mbaya. Alikaa nalo siku mbili, hali vizuri.

Shangazi ndiye aliyemaliza. Hakupiga kelele, hakuita kikao. Vijana waliporudi, gobore lilikuwepo ukutani, mdeki haupo.

"Dada, mdeki uko wapi?" baba mdogo akauliza.

"Bunduki ni ya marehemu," shangazi akajibu, anachambua maharage wala hainui kichwa. "Mdeki ni wangu. Baba alipokuwa anajaza nilikuwa namshikia mimi, wewe ulikuwa bado unatambaa."

Vijana walijaribu kusema watatafuta ufito mwingine. Shangazi akawaambia watafute na bunduki nyingine kabisa. Wakawasha pikipiki. Baadaye tulisikia walipata kijiji kingine, sijui waliishia wapi, na hilo nalo linanikera kuliandika.

Mimi nilikuwa nimetoka Nairobi muda si mrefu, kichwa kimejaa kanuni. Nikamwambia baba mdogo habari ya msamaha. Umoja wa Afrika ulitenga Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari, na serikali yetu miaka ya karibuni imekuwa ikitangaza muda wa kusalimisha bila kushitakiwa. Akanisikiliza, akauliza jambo moja tu: "Na nguruwe nao wametangaziwa msamaha?" Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Lakini Septemba ilipofika alikwenda. Alilifunga gobore kwenye gunia, mtendaji akamsindikiza, mimi nikalipa bodaboda. Pale kituoni askari alikuwa kijana mstaarabu, akamwita "mzee wangu", akaandika. Akaangalia gobore, akauliza mdeki. Baba mdogo akanitazama. Nikasema mdeki hatuna. Hatukuwa nao kweli. Upo jikoni kwa shangazi, anachochea nao moto.

Mwezi uliopita shemeji alinitumia video, anabadilisha magazini kabla hujamaliza kupepesa jicho. Nikampa simu baba mdogo aione. Akaitazama mara tatu kwa makini, akasema yule bwana ana mikono mizuri, ila shamba analolinda halioni.

Yeye lake analilinda kwa dungu, mbwa wawili na madebe ya kugonga. Msimu huu nguruwe pori walimla mistari minane ya mahindi upande wa bondeni, na anaihesabu kila akikutana nami. Ada ya mdogo wangu tumechangishana. Imebaki ya muhula mmoja.

Sasa wadau wa Rukwa, Katavi, Kigoma, najua mpo na najua kuna magobore ya marehemu huko ukutani. Kama kuna aliyefuatilia leseni ya kurithi akaipata, atuambie ilimchukua muda gani na nauli ngapi, maana baba mdogo bado ananiuliza. Na wewe staa wa kochi jeupe, ninajua unasoma hapa: toa kidole.