Mwanga wa Bamvua

Bamvua likikamata pwani yetu ya kusini mwa Kenya, maji hupwa sana mara mbili kwa siku, mnamo saa nne asubuhi na tena mnamo saa nne usiku. Kupwa kwa asubuhi ni kwa kila mtu: watoto, watalii, wanawake wa pweza. Kupwa kwa usiku kuna wenyewe. Usiku wa giza hasa, mwezi ukiwa haujaandama, ulikuwa ukisimama ufuoni Gazi unaona taa zikitokeza moja moja penye mikoko, zikikata mchanga, kisha zikijipanga juu ya mwamba kutoka usawa wa kisiwa cha Chale kuelekea Kinondo. Ilikuwa kazi, na hakuna aliyeiita sherehe. Mimi nimelelewa nikizitazama taa hizo, na ilibidi nifike mbali ndipo nikajua nilikuwa nikitazama nini.

Kwa asiyepajua, Chale ni kisiwa kidogo cha matumbawe kusini ya Diani. Maji yakijaa huvukwa kwa mashua. Yakipwa huvukwa kwa miguu, na wageni wa hoteli hupandishwa trekta. Hoteli imekuwapo tangu miaka ya tisini. Upande uliobaki ni msitu mtakatifu wa kaya, na Wadigo wa rika la nyanya yangu hawakuukaribia ovyo, sembuse kuwasha moto ndani yake. Kwa hiyo upande huo wa kisiwa ulikuwa mweusi, na mwanga wote huko ulikuwa wa watu waliokuwa wakitembea nje yake.

Nyanya alitembea kwa mwenge. Nilimkuta ameshaacha, lakini alinisimulia mara nyingi, na alikuwa na mikono ya kusimulia. Walikuwa wakifunga makuti makavu mafungu mafungu, wakayabeba kichwani, fungu moja likikaribia kuisha wanawashia jingine. Kuti kavu huwaka kwa pupa. Ndiyo maana kila aliyekwenda alijua mapema atapita wapi, atainama kwenye kidimbwi kipi, na fungu la mwisho lazima limkute tayari amegeukia nchi kavu. Kila kidimbwi kilikuwa na jina. Vingine vilikuwa na majina ya watu waliokwisha kufa, ambao hata nyanya hakuwahi kuwaona.

Mjomba wangu ndiye wa karabai, na karabai ndiyo taa ninayoijua mimi. Alikuwa akiiweka juu ya kinu kilichopinduliwa nje ya mlango wa nyuma, saa moja baada ya magharibi, na sisi watoto tunakaa mbali kidogo kama tulivyoamriwa. Kwanza mafuta ya taa kwenye tangi. Kisha spiriti kidogo kwenye kikombe cha chini, anaitia kiberiti, na moto wa buluu unazunguka ule mrija mpaka upate moto wa kutosha. Hapo ndipo hupiga pampu. Kile kifuko cha uzi, ambacho kikishachomwa mara ya kwanza hugeuka jivu jeupe lililosimama kwa neema ya Mungu tu, kilikuwa kikianza na wekundu, kisha unjano, kisha ghafla ua zima linakuwa jeupe na taa inaanza kuvuma. Ukiitikisa, jivu linamwagika na safari imeharibika. Tone moja la maji ya chumvi likidondokea kioo chenye moto, kioo kinapasuka. Kwa hiyo aliyebeba karabai hakuwinda. Alikuwa mbebaji tu, hatua zake za polepole, na wengine watatu wanne walimfuata wakiwa na vyuma vyao na mapakacha.

Nilipofikia umri wa kuchukuliwa, nilipewa pakacha. Nakumbuka macho ya kamba mawe yakiwaka mekundu ndani ya pango. Nakumbuka pono aliyelala ndani ya utando wake mwembamba wa ute, amejifunika usiku kucha, na mjomba akininong'oneza nimtazame vizuri kwanza kabla hajamchukua. Mwanga wa karabai ulikuwa mkubwa kwa macho ya mtoto, lakini kwa kweli haukufika mbali. Nje ya duara lile kulikuwa na giza, maji ya magoti, na nyenga aliyejifukia mchangani. Hakuna aliyetoka nje ya duara. Ukisikia mjomba amesema "maji yanarudi," hujibu kitu, unageuka.

Niliondoka nyumbani kama wanavyoondoka vijana wengi wa kaunti yetu ya Kwale, kwa kutafuta riziki, isipokuwa mimi sikuishia Mombasa wala Uarabuni. Nilifika Thailand kufundisha Kiingereza, kazi ambayo imewapeleka Wakenya wengi huko, na kwa miaka kadhaa nilihama kutoka mji hadi mji, mkataba hadi mkataba. Novemba 2013 ilinikuta Chiang Mai, kaskazini, nimepanga chumba karibu na msikiti wa Ban Haw. Mtaa ule ni wa Waislamu ambao wazee wao walikuja na misafara kutoka Yunnan, Uchina. Wanapika tambi za mchuzi uitwao khao soi, na ndani yake mna tui la nazi. Siku ya kwanza kuonja nilinyamaza kabisa, maana tui zito lililochemka na viungo lina namna yake ya kumrudisha mtu nyumbani kabla hajajiandaa.

Mwezi mpevu wa Novemba mwaka ule ulikuwa tarehe 17. Usiku huo nchi nzima ya Thailand husherehekea Loy Krathong: watu huelesha vyombo vidogo majini kumshukuru mama wa maji na kumwomba radhi kwa kuyachafua. Kaskazini, katika nchi ya zamani ya Lanna, huungana na Yi Peng, ambapo taa za karatasi hurushwa angani. Krathong hutengenezwa kwa kipande cha shina la mgomba kilichozungushiwa majani ya mgomba yaliyokunjwa, maua, ubani na mshumaa. Niliwatazama akina mama wakizikunja kando ya Mto Ping. Vidole vyao vilikwenda kwa kasi ile ile ya mwanamke wa Gazi anayesuka makuti, na ningeweza kukaa hapo jioni nzima bila kuona mto wenyewe.

Taa ya angani ni kitu chepesi mno: karatasi, pete ya mwanzi, na katikati kipande kilicholowekwa nta. Si rahisi kurushwa na mtu mmoja. Wawili au watatu wanaishika ukingoni, nta inawashwa, kisha wanangoja hewa ya ndani ipate moto mpaka karatasi ijae na ianze kuvuta mikono juu. Familia moja iliyokuwa jirani yangu karibu na daraja la Nawarat ilipungukiwa na mikono, wakaniita kwa ishara. Mimi ni Mwislamu na sikuuomba mto wala mbingu ya mtu chochote. Nilishika karatasi kwa heshima ya wenyeji, kama ambavyo mgeni wetu huombwa kushika kamba ya mashua. Bibi wa familia ile alikuwa na mkono mmoja begani kwangu. Taa ikajaa, ikavuta, akasema neno moja, tukaiachia.

Ikapanda. Zilikuwa zikipanda kutoka kila upande, zinakwenda na upepo mmoja, na juu kabisa hazikuwa tena taa za mtu yeyote. Watu walikuwa wakilia, nami nilikuwa na machozi, lakini yangu hayakuwa ya mbingu ile. Nilikuwa naona mwamba wa Chale. Watu wametoka nchi za mbali kwa maelfu, wamelipa nauli, wamelala hotelini, ili waone taa nyingi ndogo usiku juu ya maji. Na mimi nilikuwa nimekaa utoto wangu wote mbele ya kitu cha aina hiyo bila hata kuita mtu aje aone.

Tofauti niliiona usiku ule ule, na tangu hapo sijaacha kuifikiria. Taa yao huwashwa mwezi ukiwa mpevu, ili iachwe iende. Uzuri wake umo katika kuiachia. Yetu huwashwa kwenye giza, na aliyeibeba ana wajibu wa kuirudisha nyumbani, yeye na wote waliomo ndani ya mwanga wake.

Asubuhi nilipita kando ya mto. Pete za mwanzi zilikuwa zimening'inia kwenye nyaya na matawi, na wafanyakazi wa mji walikuwa wakiopoa krathong kwa mamia. Serikali ya huko inalijua tatizo hilo. Taa za angani zimewekewa saa na sehemu za kurushwa, safari za ndege kwenye uwanja wa Chiang Mai hufutwa au kubadilishwa saa, na Bangkok huzihesabu krathong zinazoopolewa kila mwaka, mamia ya maelfu, ikizitenga za povu la plastiki na za majani. Ujerumani ilikwisha kuzipiga marufuku taa hizi karibu kote. Hata hivyo usiku wa kuamkia mwaka 2020 chache zilizorushwa zilichoma nyumba ya nyani na sokwe katika bustani ya wanyama ya Krefeld, wakafa wanyama zaidi ya thelathini. Nimewahi kuulizwa na watu wa harusi kama zingefaa Diani. Nilikataa kwa nguvu. Ufuo wetu una paa za makuti kutoka mwanzo hadi mwisho, na una vitoto vya kasa ambavyo vikitoka mayaini hufuata mwanga vikidhani ndio bahari.

Niliporudi Gazi, karabai ilikuwa imekwisha kutundikwa. Kwanza ziliingia tochi za kichwani kutoka Uchina, nafuu, za kuchajiwa kwa jua. Kisha, Septemba 2018, mafuta ya taa yakaongezwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili yasichanganywe kwenye dizeli, na bei ikapanda ikakaribia ya petroli. Mtu hawezi kuchoma mafuta ya bei ile kwa ajili ya kaa wawili. Sitasema karabai ilikuwa bora. Mjomba alikohoa maisha yake yote, na najua nyumba iliyoungua. Tochi haivumi, haivunjiki kwa tone la maji, na inampa kila mtu mwanga wake.

Hapo kwenye kila mtu ndipo mambo yalipobadilika. Nilisimama ufuoni bamvua la kwanza baada ya kurudi, nikaona taa nyingi kuliko zamani, nyeupe, kali, zikipishana. Hakuna mbebaji. Hakuna duara. Kijana mmoja mmoja, anakwenda anakotaka, na wapo wanaoingia mkondoni na tochi na bunduki za mkuki, ambazo zimepigwa marufuku Kenya tangu 2001, wakawapiga samaki usingizini. Anayeona hatua thelathini mbele hana haja ya kuulizia kidimbwi kinaitwaje.

Halafu zikazimika zote. Machi 27, 2020 kafyu ya korona ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku chache baadaye Kwale ikafungwa pamoja na Mombasa na Kilifi. Hoteli zilifunga, na vijana waliokuwa wahudumu na watunza bustani wakarudi vijijini mikono mitupu. Kupwa kwa usiku kukawa kosa. Watu wote wakahamia kupwa kwa asubuhi, wakajazana, wakachukua kila kilichosogea. Mama karanga, wale wauza samaki wa kukaanga, walikaa na makarai yao wakikosa cha kukaanga. Usiku nilikuwa nikitoka hadi kwenye mikoko, na kutoka pale hadi upeo wa macho hapakuwa na mwanga hata mmoja, jambo ambalo shangazi yangu, aliyezaliwa kabla ya uhuru, alisema hajawahi kuliona kwenye bamvua.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Taa zilirudi, na shangazi naye akarudi, leso kichwani, tochi ya Kichina imefungwa juu ya leso. Nilimfuata. Nilidhani namsindikiza mzee. Kumbe yeye ndiye aliyeniongoza. Aliniambia nizime yangu. Akatembea kwa mwanga ule mmoja, pole pole, akitaja vidimbwi kwa majina, vile vile nilivyovisikia kwa nyanya, na viwili vitatu ambavyo nyanya hakuwahi kunitajia. Kwenye kimojawapo aligusa jiwe kwa kidole cha mguu na kusema kamba yumo, na alikuwamo. Alikuwa na mayai tumboni. Akamwacha, akapita.

Nimeanza kuyaandika majina hayo katika daftari. Shangazi ananisahihisha tahajia ingawa hakusoma sana, kwa sababu nikimsomea anajua nimekosea wapi kutamka. Mpwa wangu, ambaye alizaliwa nikiwa Chiang Mai na ana tochi kali kuliko zetu zote, ameomba aje bamvua la giza lijalo. Shangazi amekubali kwa sharti: taa iwe moja, ataibeba mpwa, na hatawinda.