Mafuta Mekundu

Gari letu la otomatiki huwapandisha wajawazito usiku katika vilima vya Bukavu. Giaboksi ikifa, hatuna fedha za kununua nyingine. Ndiyo maana mafuta yake twayabadilisha wenyewe nyumbani. Yakiwa mapya huwa mekundu. Yetu yalitoka ya kahawia, yenye harufu ya kuungua. Tuliyapima kwa chupa, tukarudisha kiasi kilekile, cha aina iliyoandikwa kwenye kipimio, wala si mafuta ya injini. Mengi hubaki katika konveta, kiungo kati ya injini na gia. Anayedai kuyamaliza yote kwa kufungua bolti moja ajidanganya. Tutarudia baada ya majuma machache. Kisha tulisoma kipimio, injini ikiunguruma, gari likiwa mahali tambarare. Na hapa Bukavu, mahali tambarare hupatikana kwa shida kuliko mafuta yenyewe.