Kitabu cha Mrusi Kilichonifundisha na Kuniudhi



Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu hapa Nachingwea, alituachia sanduku la vitabu. Baadhi vilichapwa Moscow na shirika la Progress, ambalo miaka ya 1970 na 1980 lilitoa vitabu kwa Kiswahili na Kiingereza, vikauzwa nchini kwetu kwa bei nafuu. Humo nilikuta, kwa Kiingereza, hadithi ya Leo Tolstoy ya mwaka 1886, Kifo cha Ivan Ilyich. Majina yalinichosha, mpaka nilipoelewa kwamba Ilyich ni mwana wa Ilya, kama watu wa pwani wasemavyo Juma bin Ali.

Ivan ni jaji. Anateleza kwenye ngazi akitundika mapazia, anajigonga ubavu, na baadaye maumivu yanazidi hadi kumlaza kitandani. Jamaa na madaktari wanajifanya kwamba atapona, naye anajua anakufa. Uongo huo unamtesa sana. Anayemfariji ni Gerasim, kijana mtumishi kutoka kijijini, ambaye hamdanganyi, humsafisha bila kinyaa, na usiku huishikilia miguu yake mabegani ili apate nafuu.

Nilifunga kitabu kwa aibu. Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa kule Ruangwa, ana saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kuenea. Kila nilipokwenda nilimwambia, "Utapona tu mama, Mungu ni mwema." Naye aligeukia ukutani. Mimi muuguzi nilijua, naye alijua.

Safari iliyofuata niliketi mkekani nikamuuliza, "Mama, unaogopa nini?"

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, naogopa kunuka mbele za watu. Tena naogopa watoto watagombania mikorosho."

Siku ile tulizungumza kuliko miaka yote ya ndoa yangu. Tulimpatia dawa ya kupunguza harufu. Mume wangu na nduguze wakaitwa, shamba likagawanywa yeye akisikia.

Kwa hiyo namshukuru Tolstoy. Lakini pia ameniudhi. Mke wa Ivan amemwonyesha kuwa mtu asiyejali, anayeuliza habari za fedha za serikali maiti ikiwa bado ndani. Labda wapo wa namna hiyo. Ila katika wodi nilizofanya kazi, anayelala sakafuni kando ya kitanda ni mke, binti au dada wa mgonjwa. Gerasim wetu huvaa khanga.

Habari za nyumbani kwake zilinisikitisha zaidi. Alimwoa Sofia mwaka 1862, binti wa miaka 18, yeye akiwa na miaka 34. Sofia alimzalia watoto 13 na kunakili miswada yake kwa mkono. Ndoa yao ilikuwa na ugomvi, nami sihukumu nani alikosa. Lakini mwaka 1910, akiwa na miaka 82, mzee aliondoka usiku akamwacha, akaugua njiani, akafia katika kituo cha reli cha Astapovo. Sofia alizuiwa kumwona mpaka alipokuwa hajitambui. Mtu aliyesikia hivyo kilio cha anayekufa, mbona hakusikia cha aliyeishi naye?

Swali hilo lilinirudia mwenyewe. Wifi yangu ndiye aliyemwogesha mama miezi yote ile, nami sikuwahi kumjulia hali. Nikamwuliza, "Wifi, mara ya mwisho umelala lini?" Akaangua kilio. Wiki ile nilikesha mimi, yeye akalala. Mama alilala katika Bwana kabla ya msimu wa korosho.

Akina mama, tunapotembelea wagonjwa tuwakumbuke rafiki zake Ayubu. Walifanya vyema siku saba walizokaa naye kimya. Walikosea walipoanza kusema. Tusimdanganye mgonjwa. Na kabla hatujaaga, twende jikoni tumtafute yule anayemwuguza, tumwulize naye amelala lini.